Kituo: Njia ya Misafara ya Tabora na Hadithi ya Mwongofu Anayerudi Kwao

Msomaji wa hadithi za Kikristo za Kiswahili anakijua kisa kimoja kinachopendwa sana. Kijana anauaga mji aliozaliwa, anakwenda mbali, anapotelea katika anasa, dunia inampiga, kisha anaongoka na kurudi kwao. Anakuta paa la nyumba limeanguka, mzazi mmoja amekwisha kuzikwa, mchumba ameolewa na mwingine, na majirani wanamtazama kwa jicho la pembeni. Kurasa zinazobaki ni za kujenga upya: anajenga ukuta, anajenga jina, anajenga imani ya watu waliokwisha kumkatia tamaa. Kisa hiki kimezaliwa na mfano wa mwana mpotevu katika sura ya 15 ya Injili ya Luka, na watunzi wetu hawajakosea kukipenda, maana kina nguvu na kina faraja.

Katika makala haya nataka kukipima kwa mahali pamoja na kwa njia moja. Mahali ni Tabora, katika nchi ya Unyanyembe. Njia ni ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Hii ndiyo njia iliyokieneza Kiswahili bara katika karne ya 19, na ndiyo njia waliyoipita wengi wa Wakristo wa kwanza wa magharibi mwa Tanzania. Mtunzi akitaka kuandika hadithi ya mtu aliyeongoka akarudi kwao, akaiweka hadithi hiyo katika nchi hii, atakutana na ugumu usiokuwamo katika mfano wa mwana mpotevu. Wengi walioipata imani katika njia hii hawakuwa wameondoka kwao kwa hiari, na wengi hawakurudi. Lugha yetu inalijua jambo hilo kuliko riwaya zetu.

Na tuanze na lugha. Neno kuongoka lina shina moja na kuongoza, mwongozo na kiongozi. Maana yake ya mwanzo ni kuwa katika mstari ulionyooka, kwenda sawasawa. Maana ya dini imesimama juu ya hiyo, na Waislamu na Wakristo wote wanaitumia. Sasa mtazame mtu aliyetangulia mbele ya msafara. Jina lake lilikuwa kirangozi, au kirongozi, na sikio lolote linasikia kwamba ni wa ukoo wa kiongozi. Yeye ndiye aliyebeba bendera, aliyevaa mavazi ya kuonekana, aliyechagua njia panapo njia panda, na aliyeanzisha wimbo ambao wapagazi wa nyuma waliuitikia. Basi mwongofu na kirongozi wanatoka katika nyumba moja ya maneno. Mmoja amenyooshewa njia, mwingine anawanyooshea wenzake. Lakini shina hilo halisemi kwamba njia iliyonyooka inaelekea nyumbani. Linasema tu kwamba imenyooka.

Njia ya Tabora ilijua safari za namna mbili, na hapa ndipo historia inapoanza kulidai fasihi deni lake.

Safari ya kwanza ilikuwa ya mpagazi. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi hii. Walikwenda pwani kwa maelfu wakati wa kiangazi, mabegani wakiwa na pembe za ndovu, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Kwenda pwani kulikuwa sehemu ya kupevuka kwa kijana. Aliyekwisha kuiona bahari aliheshimiwa; asiyekwenda alichekwa. Mpagazi alikuwa na mahali pa kurudia, na mara nyingi alirudi kabla ya mvua. Safari yake ilikuwa duara.

Safari ya pili ilikuwa ya mtu aliyenaswa. Huyu alitoka Manyema ng’ambo ya ziwa, au Ufipa, au katika kijiji chochote kilichovamiwa, akaletwa Ujiji, akaletwa Unyanyembe. Wengine walifikishwa pwani na Unguja. Wengi waliishia hapahapa Tabora. Safari yake haikuwa duara. Ilikuwa mstari, na kila hatua ya mstari huo ilimwongezea umbali na watu walioweza kumwita kwa jina la utotoni.

Ni rahisi kuzitazama safari hizi mbili kana kwamba hazihusiani, moja ya heshima na nyingine ya aibu. Historia ya Unyamwezi haituruhusu. Kijana huru alipokwenda pwani miezi kadhaa, shamba halikusubiri. Lililimwa na wanawake wa nyumba ile, na kadiri biashara ya pembe ilivyokua, lililimwa pia na watu walionunuliwa kwa faida ya biashara hiyohiyo. Kwa hiyo mpagazi aliporudi akakuta ghala lina mtama na ua umefagiwa, nyumba yake ilikuwa imeshikiliwa na mtu ambaye yeye hakuwa na njia ya kurudi kwake. Katika mfano wa Luka aliyebaki nyumbani ni kaka mkubwa, naye ana haki ya kunung’unika na kusikilizwa na baba. Katika nyumba nyingi za Unyanyembe aliyebaki hakuwa na baba wa kumsikiliza.

Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857, wakati mji bado ukijulikana kwa jina la Kazeh, wakakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga tembe zao na kupanda bustani. Kilomita chache kutoka Tabora ya leo, katika Kwihara, ipo tembe iliyohifadhiwa kuwa makumbusho, kwa sababu Stanley na Livingstone walifika hapo pamoja Februari 1872. Stanley aliondoka mwezi wa Machi kwenda pwani. Livingstone akabaki, akiwangoja watu ambao Stanley angemtumia. Watu hao walifika Agosti. Miongoni mwao alikuwamo kijana mmoja ambaye hadithi yake, kwa maoni yangu, ndiyo riwaya ya Kikristo ya njia hii ambayo bado haijaandikwa. Jina lake Jacob Wainwright.

Jacob alikuwa Myao kwa kuzaliwa. Alinaswa akiwa mtoto, akauzwa, akaokolewa na meli ya Waingereza iliyokuwa ikiwasaka wasafirishaji wa watumwa baharini. Alipelekwa India, katika shule ya wamisionari wa Kianglikana karibu na Nasik, akasoma, akabatizwa, akapewa jina ambalo wazazi wake hawangeweza kulitamka. Alirudi Afrika akiwa anajua kusoma na kuandika Kiingereza, akaajiriwa kumfuata Livingstone. Kwihara ndipo alipoanza kazi hiyo.

Yaliyofuata yanajulikana, lakini ni vizuri kuyasikia upya tukiwa na neno kurudi akilini. Livingstone alikufa mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Waliomfuata, wakiwamo Susi na Chuma, walishauriana, wakaamua jambo ambalo hakuna aliyewaamuru: mwili urudishwe kwao. Moyo ulizikwa chini ya mti. Jacob alisoma ibada ya maziko, kisha akachonga maandishi katika gome la mti ule. Mwili ulikaushwa kwa jua, ukafungwa, ukabebwa kuelekea pwani.

Njia yao iliwarudisha Unyanyembe. Chuma alitangulia na barua iliyoandikwa kwa mkono wa Jacob, akamkuta Luteni Cameron, aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike marehemu papo hapo. Walikataa. Mbele ya Tabora, penye hofu ya watu wasiopenda maiti apite nchini mwao, waliufunga mwili upya ukawa kama robota la nguo, mzigo wa kawaida kabisa katika njia ile, wakaendelea. Walifika Bagamoyo Februari 1874, baada ya karibu miezi tisa. Jacob peke yake katika kundi lile ndiye aliyepanda meli pamoja na mwili hadi Uingereza, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza katika kanisa la Westminster.

Huyu basi ni kijana aliyefanya kazi kubwa kuliko zote zinazojulikana katika njia ile ya kumrudisha mtu kwao. Alimrudisha mwenzake, mgeni, maiti, kutoka katikati ya bara mpaka kaburi la mji wake mkuu. Je, yeye alirudi kwao? Alirudi Afrika Mashariki, akatumika huku na huku na wamisionari, mwisho akafika Urambo, magharibi ya Tabora, nchi aliyoitawala Mirambo hadi kufa kwake mwaka 1884, ambako wamisionari wa London walikuwa wameanzisha kituo mwaka 1879. Huko Urambo alifariki mwaka 1892. Nchi ya Wayao iko mbali sana na Urambo, kusini na mashariki.

Shajara aliyoiandika Jacob katika safari ile imehifadhiwa, na tangu mwaka 2019 imewekwa mtandaoni ili wote waisome. Inapendeza kwamba mwandishi wa mapema wa njia hii ana kitabu chake. Inasikitisha kwamba sisi wa Kiswahili, lugha iliyosemwa katika ule msafara mchana na usiku, hatujamwandikia chochote cha kumlinganisha.

Wa pili ni Adrian Atiman. Huyu alizaliwa karibu na Timbuktu, penye mto Niger, yapata mwaka 1866. Alinaswa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria, na hapo mwaka 1876 akanunuliwa na Mapadri Weupe, shirika la Kardinali Lavigerie. Walimsomesha, akabatizwa, wakampeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1888 aliondoka Ulaya, akatua pwani yetu, akaingia bara, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ngome iliyoanzishwa na Wabelgiji na kukabidhiwa kwa wamisionari mwaka 1885. Alitibu watu hapo mpaka kufa kwake mwaka 1956, miaka 67. Alioa hapo, na mwanawe Joseph akawa padri. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe, na simulizi hilo likachapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946.

Hapa lugha inatuita tena. Tunasema Atiman alikombolewa. Kukomboa ni neno la biashara: unakomboa kitu ulichoweka rehani, unakomboa mateka kwa kutoa mali. Neno hilohilo ndilo lililochukuliwa kumtaja Kristo, Mkombozi. Kwa msikilizaji wa leo Mkombozi ni jina la kanisani, na kwa waliokulia katika siasa za miaka ya 1960 na 1970 ukombozi ni vita vya kusini mwa Afrika. Lakini mtoto wa Kipalapala alilisikia neno hili kwa maana nzito zaidi. Kipalapala, karibu na Tabora, Mapadri Weupe walianzisha kituo mwanzoni mwa miaka ya 1880, wakawakusanya watoto waliowanunua katika njia ya misafara, hata mwaka 1889 mambo yalipoharibika kati yao na Isike, mtemi wa Unyanyembe, wakakiacha. Mtoto wa hapo alipofundishwa kwamba Mkombozi alilipa thamani ili amtoe utumwani, hakuhitaji kufafanuliwa kwa mifano. Alikuwa ameiona nguo ikipimwa.

Na kwa sababu aliiona, aliweza pia kuuliza maswali ambayo katekisimu haikuyaweka. Aliyelipwa ni nani? Alipopokea malipo, alikwenda wapi, akamnasa nani mwingine? Na aliyekombolewa, baada ya kukombolewa, ni wa nani? Sidhani kwamba maswali haya yanaidhoofisha imani. Yanaipa uzito. Mtunzi wa riwaya ya Kikristo anayeyakwepa anampokonya mhusika wake nusu ya maisha yake.

Sasa nirudi kwenye mfano wa Luka. Mwana mpotevu alidai urithi wake, akauchukua, akaenda kwa miguu yake mwenyewe. Kuondoka kwake ndiko kosa lake; kwa hiyo kurudi kwake ndiko toba yake. Katika mfano huo toba na nyumbani vinaelekea upande mmoja, na ndiyo maana kisa kinatulia vizuri moyoni. Mweke Jacob katika kisa hicho, au Atiman, au mtoto wa Kipalapala. Kuondoka kwao hakukuwa kosa lao. Tukiwaandikia hadithi ambamo kuondoka nyumbani ni dhambi na kurudi ni wokovu, tunawalaumu kwa kunaswa, na tunawaambia kwamba wokovu wao, kwa kuwa hawakurudi, ulibaki nusu.

Maandiko yenyewe yanacho kisa kinachowafaa zaidi, na ni kisa cha msafara. Yusufu aliuzwa na ndugu zake kwa wafanyabiashara waliokuwa wakipita na ngamia wao kwenda Misri. Alikuwa mtumwa, akawa mfungwa, akawa mtu mkubwa. Hakurudi kukaa kwao. Mwanawe wa kwanza alimwita Manase, jina ambalo kitabu cha Mwanzo kinalieleza kuwa ni shukrani kwa kusahaulishwa nyumba ya baba. Wa pili akamwita Efraimu, kwa kuwa alizaa matunda katika nchi ya mateso yake. Waliomuuza walimfuata huko aliko, wakiwa na njaa, naye akawalisha. Alipokufa aliagiza mifupa yake ichukuliwe siku watu wake watakapoondoka, na Musa akaichukua. Kisa hiki ni mali ya dini zote mbili za Tabora, kwa kuwa Kurani nayo ina sura nzima yenye jina la Yusufu, na washairi wa pwani walikwisha kukitungia utenzi. Atiman ni Yusufu wa Karema. Na Jacob ana sehemu mbili katika kisa hicho: ni Yusufu aliyeuzwa, tena ni yule aliyebeba mifupa.

Fasihi yetu ya Kiswahili imekwisha kuligusa jambo hili mara moja kwa nguvu, ingawa si Tabora. James Mbotela, mtoto wa mtu aliyekuwa mtumwa, aliandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934, akieleza jinsi wazee wake walivyonaswa, wakaokolewa baharini, wakajenga maisha Freretown karibu na Mombasa. Wako waliokilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina msingi. Hata hivyo kitabu kile kinajua jambo ambalo hadithi nyingi za baadaye zimelisahau: mtu anaweza kujenga upya bila kurudi. Freretown ulikuwa mji wa watu ambao kila mmoja alikuwa na kwao kwingine, nao wakaufanya kuwa kwao pamoja.

Neno kwao lenyewe latosha kutufundisha. Mswahili hasemi kwa kawaida kwamba anarudi kwangu akimaanisha nchi yake, husema kwetu. Asili haina umoja. Ili uwe na kwenu lazima wawepo wa kushirikiana nawe katika hilo kwenu. Aliyenaswa peke yake, kijiji chake kikachomwa, hata akiijua njia ya kurudi anaweza kufika mahali pasipo tena na kwao, pana ardhi tu.

Basi lugha inampa nini mtu huyu badala ya kurudi? Inampa kutua. Msafara ulipofika mahali pa kulala, wapagazi walitua mizigo, na mahali hapo palikuwa kituo. Wamisionari walipojenga makanisa yao katika njia ile waliyaita vituo vya misheni, na sidhani kwamba lingepatikana neno bora. Kituo hakidai kuwa nyumba ya baba yako. Kinasema tu kwamba hapa bega limepumzika. Kinachoanza kama mahali pa usiku mmoja kinaweza kuwa kijiji, kikapata kisima, kikapata makaburi. Mahali penye makaburi yenu pamekwisha kuwa kwenu.

Washairi mnaonisoma mmekwisha kuona ninakoelekea. Mshororo unaofunga ubeti wa utenzi tunauita kituo. Mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti tunauita kibwagizo, kutokana na kubwaga, yaani kutupa chini kwa kishindo kile ulichobeba. Na kubwaga huko wengi wanakusikia pia katika jina la Bagamoyo, bwaga moyo, mwanzo na mwisho wa njia hii. Sidai kwamba malenga waliazima istilahi kwa wapagazi. Ninachosema ni kwamba lugha moja imeuona ubeti na safari kwa jicho moja: vyote viwili ni mzigo unaotembea mpaka mahali pa kuuweka chini. Na katika ushairi kituo hakirudi mwanzo wa ubeti. Kinaufunga pale ulipofika.

Je, nawakataza watunzi kumrudisha mhusika wao Tabora? Hata kidogo. Tabora ni mji wa watu wanaorudi. Reli ilifika hapo mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo watu wameondoka na kurudi bila kubeba kitu begani. Kipalapala iliyoachwa mwaka 1889 baadaye ilipata seminari na kiwanda cha uchapaji, na herufi TMP zimechapwa katika vitabu vingi vya Kiswahili vilivyotufundisha kusoma. Mahali nako kunaweza kujengwa upya. Ninachoomba ni kwamba anayerudi asirudi katika mji usio na historia.

Akirudi Unyanyembe, amkute yule aliyebaki, aliyeshikilia shamba. Akumbuke kwamba utumwa haukwisha hapa siku misheni zilipofunguliwa. Isike alijilipua kwa baruti Januari 1893 Wajerumani walipoivunja ngome yake, lakini serikali yao haikufuta utumwa. Iliamuru tu kwamba watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Sheria ya kuufuta kabisa ilitoka chini ya Waingereza mwaka 1922. Maana yake ni kwamba katika mtaa mmoja wajukuu wa aliyeuza, wa aliyenunua na wa aliyeuzwa wamesalimiana kila asubuhi kwa vizazi, wameoana, wamezikana, wengi wakiwa wameuficha ukoo wao kwa hekima. Wengi wa waliofunguliwa walipata udugu wao msikitini, wengine kanisani. Mwongofu anayerudi katika mtaa huo akitaka kutubu hadharani na kusema yote, atajikuta anasema na yasiyokuwa yake kuyasema. Hapo ndipo penye riwaya. Kusamehewa na baba ni jambo moja. Kukaa ujirani na mtu ambaye babu yako alimpima kwa dhiraa za nguo, na nyote wawili mnajua, ni jambo jingine, na imani inayoweza kulibeba hilo ndiyo inayostahili kurasa mia tatu.

Mimi si mtunzi wa riwaya. Nimemtungia Jacob beti mbili za mizani kumi na sita, nikiziweka hapa kama anayeanzisha wimbo mbele ya msafara, nikitumaini kwamba wa nyuma wataitikia:

Alitwaliwa nyumbani, akiwa hajapevuka,
Akavushwa baharini, elimu akaishika,
Akarudi safarini, maiti akaitwika;
Mwenzake kamfikisha, kwao hakurudi tena.

Urambo akasimama, mzigo akautua,
Si kwa baba si kwa mama, ndipo palipomjua,
Nchi iliyo na wema, mgeni humchukua;
Mwenzake kamfikisha, kwao hakurudi tena.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii, pamoja na Kwihara na Ujiji, katika orodha ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Tembe na miembe vinaweza kulindwa kwa uzio na kibao. Waliopita hapo na hawakurudi watalindwa na nani, kama si ninyi wenye vina na mizani? Atakayepata ubeti wa tatu, wa Atiman au wa yule aliyelima shamba la mpagazi na jina lake halikuandikwa, na autoe. Ukumbi ni wenu.